Malalamiko Dhidi ya Mhasibu Aliyenitoza Kidogo

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Nidhamu,
Chama cha Wahasibu.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MWANACHAMA WENU MWENYE OFISI NYUMA YA DUKA LA FOTOKOPI

Natumaini barua hii itakukuta wewe na kamati yako mkiwa wazima, na kwamba kiti unachokalia kina mto, maana haya ninayoyaleta hayasomeki kwa haraka.

Mimi ni fundi wa sare za shule. Nina cherehani tatu, pasi mbili na chumba kimoja chenye dirisha linalotazama barabara. Kazi hii nimeifanya miaka ishirini na miwili, na watu wa mtaa wameshasahau jina nililopewa na wazazi wangu. Wananiita Mama Sare. Kila mwaka ritani ya kodi ilikuwa ikijazwa na mume wangu. Alikuwa akivua saa, akiiweka mezani na kuniambia nisimsemeshe. Mwaka jana alifariki, wiki mbili kabla shule hazijafunguliwa, na mwaka huu kwa mara ya kwanza nikalazimika kumtafuta mhasibu. Ndipo nilipoangukia mikononi mwa mwanachama wenu.

Sina ugomvi naye. Hajanitukana wala hajaniibia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ada yake ni ndogo kupita kiasi.

Nilipofika aliniuliza mambo matatu tu: fedha zangu zinatoka sehemu ngapi, nimeajiri watu wangapi, na je, kumbukumbu zangu ziko kwenye daftari au kwenye gunia. Nikamwekea daftari mezani. Akalifungua, akalipekua mwanzo hadi mwisho, akachukua karatasi na kuandika ada yake kabla hajaanza kazi. Nilipoisoma nilidhani amesahau sifuri.

Mimi nahesabu kwa sare, Ndugu Mwenyekiti, kwa hiyo naomba uniwie radhi. Alinitoza sare moja na nusu. Tena sare za mtoto wa darasa la pili, ambazo hazili kitambaa. Nilikuwa nimebeba bahasha yenye thamani ya sare kumi, kwa kuwa wifi yangu, dada wa marehemu, mwenye duka la misumari na rangi pale jirani, humlipa mhasibu wake sare kumi na mbili na sweta moja juu. Nilirudi na bahasha karibu nene kama ilivyotoka. Nilipita njia ya nyuma ili wifi asiione.

Aliiona. Akaniambia, "Wifi, huyo atakuletea balaa. Mtu anayeijua kazi yake hatozi hela ya vifungo!" Neno hilo lilinichoma. Nilijiuliza, huyu bwana amenitazama akaona mimi ni mtu wa thamani gani?

2. Hakunisumbua.

Siku ile nilifunga kiwanda kutwa nzima. Nilivaa gauni la heshima, nikabeba chupa ya maji na miwani ya akiba. Bwana huyu alimaliza kwa saa moja na dakika kumi, na katika hizo dakika kumi alikuwa akitafuta kalamu. Mhasibu wa wifi hutumia wiki tatu. Humpigia simu akiwa anahudumia wateja, humtaka alete karatasi zilezile mara mbili, na humwambia, "Kuna tatizo dogo," kisha hukata simu. Wifi hukonda. Hali, halali, na ritani ikishapokelewa huchinja kuku kwa furaha. Mimi nilikula na kulala kama kawaida. Sijui hata nianzie wapi kufurahi.

3. Anaeleweka.

Hili ni zito. Nilipomuuliza kwa nini ameandika gharama ambayo sikuilipa, alisema, "Mama, cherehani yako ile kongwe inachakaa kila mwaka. Sheria inakuruhusu kuhesabu uchakavu huo kama gharama." Nikaelewa palepale. Nilisubiri aseme jingine la kunichanganya, hakusema. Sasa kama jambo lenyewe linaweza kueleweka na mtu aliyeacha shule kwa ajili ya sindano, mimi nimelipia kitu gani? Wifi hutoka kwa mhasibu wake na maneno ambayo huyarudia dukani wiki nzima huku akipima misumari. Wateja humsikiliza kwa adabu na kununua zaidi ya walichokijia.

4. Anawaharibia wenzake.

Ili nisionekane namwonea, nilizunguka kwa wahasibu wengine watatu na daftari langu kwapani. Nilitaka kujua bei ya haki ni ipi.

Wa kwanza alitaka asilimia ya fedha nitakazorudishiwa na ofisi ya kodi. Aliniahidi nitarudishiwa nyingi, na daftari langu lilikuwa bado kwapani. Wa pili anatoza kwa saa. Nilipomuuliza zitakuwa saa ngapi alisema, "Inategemea." Nikamuuliza inategemea nini, akasema hilo nalo linategemea. Wa tatu ndiye wa wifi. Yuko ghorofa ya nne, na kabla hajanitazama usoni alinitazama viatu. Akasema sare kumi na mbili. Nikauliza bei hiyo ina nini ndani yake, akajibu, "Kila kitu." Nikauliza, je, ofisi ya kodi wakiniita, utakwenda nami? Akasema hiyo ni ada nyingine.

Yule wenu, Ndugu Mwenyekiti, aliandika kwenye karatasi yake, kwa mkono wake na bila kuulizwa, kwamba nikiitwa atakwenda nami na hatadai kitu. Je, huo si uchokozi kwa wenzake?

Nilirudi kwake kiungwana nikamwomba aongeze ada. Akaniuliza, "Mama, nikuongezee kwa kazi gani?" Nikamwambia, kwa kazi ya kuongeza. Akacheka. Nikaweka fedha mezani, nikaondoka mbio kadiri magoti yalivyoniruhusu. Alinikuta penye foleni ya fotokopi, mbele za watu, akanirudishia zote mkononi na kunishukuru kwa kuja. Watu walinitazama kama nimefumaniwa nikiiba.

5. Anafukuza wateja.

Siku ya mwisho, fomu ikiwa imeshapokelewa, aliniambia maneno haya, nami nayanukuu bila kutia chumvi: "Mama, mwakani usije. Daftari lako ni safi kuliko ya makampuni. Nitakuonyesha pa kujaza, utafanya mwenyewe, utabaki na fedha zako."

Kisha akauliza nani ameliandika. Nikamwambia mume wangu alikuwa akichora mistari, mimi nikijaza tarakimu. Tulifanya hivyo kila Jumamosi, mimi upande huu wa meza, yeye ule. Akarudisha kurasa nyuma hadi mwezi ule, mahali mistari ilipobadilika mkono. Sikumwonyesha, aliiona mwenyewe. Akapitisha kidole taratibu, akasema, "Hapa umechora wewe. Imenyooka." Alilifunga daftari kwa mikono miwili na kunipa.

Tangu tulifungue daftari la kwanza, hakuna aliyewahi kulisoma isipokuwa sisi wawili. Wifi huuliza nimeuza ngapi, basi. Ofisi ya kodi husoma jumla ya chini. Huyu bwana alisoma kurasa zote, akaniuliza kwa nini mwezi wa nne nilinunua vifungo vingi vile, nikamweleza habari ya shule iliyobadilisha rangi ya koti katikati ya mwaka, na tulicheka. Na mtu huyohuyo ndiye anayeniambia mwakani nisije! Mhasibu wa namna gani huyo?

Kwa hayo yote, naiomba kamati yako imlazimishe mwanachama huyu atoze si chini ya sare sita, za sekondari. Kazi yake isipungue wiki mbili. Aongee walau maneno matano yasiyoeleweka kwa kila mteja. Na apigwe marufuku kukimbiza watu na fedha zao. Iwapo kuna faini, apigwe, nami nitamchangia.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati na familia zao, karani anayefungua barua, mlinzi wa getini na yeyote atakayeombwa kuipiga chapa barua hii. Wifi anawasalimu pia, ingawa hajui nimewaandikia.

Ni mimi, mlipakodi asiyedaiwa,

Mama Sare

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha alipoingia mama mmoja mgeni mwenye watoto wawili. Akauliza bei ya sare, nikamtajia. Akaigeuza kola ndani nje, akauvuta mshono, akasema, "Mbona rahisi hivi? Kitambaa hiki hakitachuja kweli?" Nikamwambia hakichuji. Akasema lile duka lenye milango ya vioo kule mbele wanauza mara mbili, na kule angalau mtu anajua amelipia kitu. Ndugu Mwenyekiti, nilipandwa na hasira ambayo sijaisikia tangu nianze kazi. Nilimwambia bei yangu ni ndogo kwa sababu nakata bila kupoteza kitambaa, sidaiwi kodi ya pango, na miaka ishirini na miwili imenifundisha kushona kola kwa dakika ambazo wale wa vioo hutumia kutafuta uzi. Nikamwambia kazi ikiwa nyepesi kwangu, siwezi kumtoza kana kwamba ilinitesa. Aliwashika wanawe mikono akaenda duka la vioo. Nilikaa muda na pasi mkononi mpaka ikapoa.

Kwa hiyo naomba ufute namba moja, mbili, tatu na nne, pamoja na yote niliyoomba baada ya hapo. Namba tano ibaki. Mwambieni mwakani nitakwenda, na nitalipa bei yake ileile.