Kibao cha Daraja la Kwanza

Iyunga, Mbeya
Tarehe 6 Agosti, 1956

Kwa Bwana Mkubwa wa Stesheni za Mabasi ya Reli,
Jimbo la Nyanda za Juu za Kusini.

Bwana Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa. Nasema hivyo kwa sababu habari zake zote ni za kukaa: nani akae, akae wapi, na nani ainuke ili mwingine akae. Ikikukuta umesimama, nakuomba utafute kiti kwanza, nasi tutakungojea. Kungoja tumekwisha kujifunza kwako.

Jina langu ni Asukile Mwangoka, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa hapa Iyunga. Si mtu wa matata. Mwezi uliopita nilisafiri na mke wangu, Tusajigwe, kutoka Mbeya kwenda Iringa kumwona binti yetu Yudith, aliyejifungua mtoto wake wa kwanza. Kama ujuavyo, reli yenyewe haijafika kwetu. Tumeletewa stesheni, kengele, karani mwenye kofia, na madaraja matatu ya abiria. Kilichosahaulika ni treni peke yake, na mahali pake tunapanda basi. Kwa hilo hatukulalamika.

Mke wangu ana kifua. Nesi wa misheni alimkataza kukaa penye upepo, na baraza ya daraja la tatu pale Mbeya haina ukuta upande ule ule unakotoka upepo. Nadhani aliyeijenga alikuwa na ugomvi na mtu wa daraja la tatu. Kwa hiyo, kahawa ilipotuletea faida mwaka huu, nilikata tiketi mbili za daraja la kwanza. Majirani walidhani nimerukwa na akili. Tusajigwe mwenyewe aliniuliza, "Baba Yudith, kwani mbele ya basi inafika Iringa kabla ya nyuma?" Nikamjibu kwamba sikulipia basi, nililipia chumba cha kungojea chenye kuta nne. Ndivyo nilivyoamini.

Sasa nimeviona vyumba vyote viwili, cha Mbeya na cha Iringa, nami naweza kuvilinganisha bila upendeleo. Malalamiko yangu nayaweka kwa namba ili wasaidizi wako wasipate taabu.

1. Kuhusu mbwa

Tulifika stesheni ya Mbeya asubuhi, ukungu ungali umelala juu ya mabati. Mlinzi wa mlango, anayeitwa Jailos, aliitazama tiketi yangu mbele, akaigeuza akaitazama nyuma, kisha akanitazama viatu.

"Mzee, hii umeiokota wapi?"

Nikamwambia nimeiokota dirishani kwa karani, baada ya kuilipia. Akaniomba nisubiri, akaenda kuuliza. Mlango aliuacha wazi, nikaona ndani. Alikuwamo mama mmoja wa Kizungu akisoma gazeti, na juu ya kiti cha pembeni, kwenye mto, amelala mbwa. Mbwa mnene, mwenye afya nzuri, asiyekohoa hata kidogo. Muda wote tuliosimama pale hakuna mtu aliyemwomba tiketi.

Nasema kwa unyenyekevu: kama mbwa yule alikuwa na tiketi, ilipaswa kukaguliwa kama yangu. Na kama hakuwa nayo, basi alikuwa akiidhulumu stesheni mchana kweupe, na mlinzi wako akipita kwa kunyata asimwamshe.

2. Kuhusu kibao

Jailos alirudi na karani, kijana wa kwetu aitwaye Lutengano, mwenye adabu na mwandiko mzuri. Akaisoma tiketi, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Mzee, tiketi yako ni halali kabisa. Una haki ya kukaa daraja la kwanza."

Nikamshukuru. Nikamshika mke wangu mkono, tuingie.

"Ila ngojeni kidogo," akasema, "kuna jambo dogo nilitengeneze."

Akaleta bisibisi. Mbele ya macho yetu akakifungua kibao kilichoandikwa DARAJA LA KWANZA, kilichokuwa juu ya mlango wa chumba kile, akavuka nacho ua, akakikaza juu ya mlango wa stoo ya magunia. Alipomaliza alijifuta mikono, akasema, "Karibuni, wazee. Sasa mko daraja la kwanza."

Sikatai kwamba stoo ile ilikuwa na kuta nne. Dirisha haikuwa nalo, kwa hiyo upepo haukuingia. Mwanga nao haukuingia, vikasaidiana. Tulikalia magunia ya pareto, yale maua makavu ya kuulia wadudu, nami nashuhudia kwamba hatukusumbuliwa na kiroboto hata mmoja. Lakini vumbi la pareto halijui kuchagua mdudu na mtu. Lilimwingia mke wangu kifuani, akakohoa hadi akaegemea ukuta, machozi yakimtoka. Nilimtoa nje nimemshika mabega, tukaenda kukaa kwenye ile baraza isiyo na ukuta, na huko ndiko tulikongojea basi, mimi nimemkinga upepo kwa mgongo wangu na koti langu.

Karani Lutengano alitufuata na kikombe cha maji. Hakunitazama usoni. "Nisamehe, mzee," alisema taratibu. "Nami nina watoto." Naomba sana asiadhibiwe. Alifanya unalotaka kabla hujamwambia, na mtumishi wa namna hiyo ni vigumu kumpata.

Naongeza jambo moja la sheria. Tangu kibao kilipohamishwa, yule mama wa Kizungu alibaki katika chumba kisicho na daraja lolote. Nilitazamia atoke mbio kulidai daraja lake kwenye magunia. Hakutoka.

3. Kuhusu kukaa kama mtu atakayeinuka

Iringa tulikaa na Yudith hadi kitovu cha mtoto kikakauka na mama yake akaweza kuteka maji, kisha tukaanza safari ya kurudi. Stesheni ya Iringa, lazima niseme ukweli, inaishinda ya Mbeya. Chumba chake cha kungojea kina madirisha ya vioo, viti vyenye mito, na mahali pa moto ukutani, na siku ile moto ulikuwa unawaka. Julai ya Iringa unaijua. Tusajigwe alipouona moto ule alicheka peke yake kama msichana.

Mlinzi wa pale ni Kasian, mtu mkubwa mwenye koti la vifungo vya shaba. Tiketi zetu hakuzibishia. Alitufungulia mlango, akainama karibu na sikio langu akasema, "Kaeni, mzee. Ila kaeni kama watu watakaoinuka."

Basi tukakaa hivyo, kwenye ukingo wa kiti. Kila viatu vilipolia kwenye kokoto nje, tuliinuka. Alikuwa mtu wa posta; tukakaa. Viatu tena, tukainuka; alikuwa Kasian mwenyewe, ameleta kuni. Hapo ndipo nilipoielewa tofauti ya stesheni zako mbili. Kule Mbeya kinahamishwa kibao na abiria anakifuata. Hapa Iringa kibao hakiguswi, anainuliwa na kushushwa abiria. Mbeya wanatumia bisibisi. Iringa wanatumia magoti ya watu, na magoti yangu ni ya zamani.

Mara akaingia bwana mmoja wa Kizungu amevaa kaptula, magoti mekundu kwa baridi, akaenda moja kwa moja hadi motoni. Kasian akaharakisha nyuma yake.

"Mama, inuka," akasema. "Inuka ukae kule mlangoni."

Mimi nilikuwa nimesimama tayari. Tusajigwe hakuinuka. Alijisogeza nyuma hadi mgongo wake ukagusa mto wa kiti, kwa mara ya kwanza tangu tuingie, akaitoa tiketi yake kwenye fundo la kanga na kuiweka juu ya goti.

"Mwanangu," alimwambia Kasian, "yangu hii hapa. Ya huyu bwana iko wapi?"

Kasian akatazama darini. "Mama, hawa hawaulizwi."

"Basi leo aulizwe. Nikiiona, nitainuka bila kusukumwa."

Yule bwana, kumbe Kiswahili anakisikia. Wekundu ulimpanda kutoka magotini hadi masikioni. Akajipapasa mfuko huu, akajipapasa mfuko ule.

"Mimi hapana safiri," akasema mwishowe. "Mimi nangoja mzigo tu."

Hakuwa abiria wa kwanza wala wa pili wala wa tatu. Hakuwa abiria kabisa. Naye ndiye mke wangu aliyetakiwa kumwinukia.

4. Kuhusu matengenezo

Kasian alimwita karani mkuu. Karani mkuu alisimama mlangoni akapima. Kumtoa yule bwana, kwa sheria, ilimpasa. Lakini hajazaliwa karani wa kufanya hivyo. Kumtoa Tusajigwe, hakuweza bila kumwambia sababu, na wakati huo abiria wote wa daraja la tatu walikuwa wamebandika nyuso zao kwenye vioo vya madirisha, wakiisubiri hiyo sababu. Alifikiri kwa muda mrefu. Kisha akachukua ndoo ya maji, akaumwagia moto.

"Chumba kimefungwa kwa matengenezo," akatangaza. "Wote nje, tafadhali."

Tukatoka wote: mwenye tiketi, mwenye mzigo, na mwenye ndoo. Mlango ukapigwa komeo.

Barazani palikuwa na mwanamke aitwaye Severina, msafiri wa Mafinga, aliyekuwa anasafiri na jiko lake la mkaa na kulikoka njiani. "Kamwene, mama," akamsalimu mke wangu kwa Kihehe, "njoo hapa katikati." Watu wakajisogeza. Mmoja akamfunika blanketi, mwingine akampa kikombe cha chai yenye tangawizi. Hakuna aliyemwuliza amekatia wapi tiketi. Kikohozi chake kilitulia pale pale, mbele ya macho yangu, na mimi nikakalishwa juu ya tenga la mtu, nikashukuru.

Yule bwana alikuwa amesimama kando ya nguzo, mikono kwapani, anatetemeka. Watu walijifanya hawamwoni. Tusajigwe ndiye aliyemtazama.

"Baba," akamwita, "njoo uote moto. Huku haulizwi mtu."

Kasian alicheka kwanza, kisha akajiziba mdomo kwa kola ya koti. Bwana akasitasita, akaja, akachuchumaa kati yangu na mzee mwenye kuku. Severina akampa hindi la kuchoma, akalila lote, akalitafuna hadi gunzi. Basi lilipofika na mzigo wake ukashushwa, alisema, "Asante, mama," akasimama kidogo akilitazama jiko, kama mtu anayefukuzwa mahali pazuri.

5. Ninachoomba

Baada ya kuyapima haya yote, naomba yafuatayo:

Kwanza, makarani wapumzishwe kazi ya bisibisi. Kila abiria wa daraja la kwanza apewe kibao chake mwenyewe chenye kamba, akivae shingoni, na popote atakapokaa pawe daraja la kwanza. Akikaa juu ya gunia, gunia. Akikaa chini, chini.

Pili, wale wasioulizwa tiketi wapewe hati ya kutoulizwa, ili mke wangu akiwauliza wawe na cha kuonyesha.

Tatu, nilitaka kuomba jiko la Severina lipewe daraja la kwanza. Nikaogopa kwamba likipewa tu, litamwagiwa maji kwa ajili ya matengenezo. Kwa hiyo naomba liitwe daraja la nne, ili libaki linawaka.

Mwisho, vyumba vyote viwili, cha Mbeya na cha Iringa, vifungwe milele. Mwenye afya havimfai kitu, na mgonjwa anatoka humo hali yake ni mbaya kuliko alivyoingia. Moto uko barazani, chai iko barazani, watu wako barazani. Mimi Asukile naapa kwamba hakuna mtu wa nyumba yangu atakayekanyaga tena daraja la kwanza, hata akiletewa tiketi bure kitandani.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako na watoto, makarani wa stesheni zote mbili, wapiga kengele, madereva na wasukuma magari, na kila anayengoja basi huko uliko. Huku kwetu mvua bado, lakini viazi vipo.

Ndimi mtu wako mtiifu, niandikaye nikiwa nimekaa kwenye kigoda changu mwenyewe,

Asukile Mwangoka

N.B. Barua hii nimemsomea mke wangu kabla ya kuifunga. Aliisikiliza hadi mwisho, akasema imeandikwa vizuri, kisha akajitanda kanga akashuka mjini. Amerudi sasa hivi. Mwezi ujao ni ubatizo wa mjukuu wetu kule Iringa, naye amekata tiketi mbili za daraja la kwanza, yake na ya dada yake Andendekisye, ambaye ni mkali kuliko yeye. Mimi amenikatia ya daraja la tatu, maana anasema nimeshaandika kwa mkono wangu kwamba ndiko kuzuri. Kwa hiyo tafadhali ifute namba ya tano yote, na matengenezo ya Iringa yakamilike upesi. Nimemwuliza, "Mama Yudith, chumba kile unakitakia nini, na moto wenyewe wanauzima?" Akanijibu, "Moto ninao jikoni kwangu. Kule nakwenda ili wanizoee."