Dhahabu Kwenye Kopo la Achari

Jumanne, 4 Novemba 2025
Dhahabu! Imo ndani ya simu mbovu, na miaka yote tunazitupa. Nimeisikia leo kwenye semina ya kikundi cha Nusra, mke wangu, kinachokusanya simu na redio zilizokufa. Bi Wamuyu, mwalimu wao kutoka bara, amesema tusizichome, moshi wake sumu. Zipelekwe kwa wataalamu. Alisema na mengine, lakini baada ya "dhahabu" mimi nilikuwa nishafika mbali.

Mama mkwe atapata kipini cha pua. Jeilani, mwanyumba wangu aliyeoa dada yake Nusra, alimpa friji, na tangu hapo mimi sihesabiki. Tutaona!

Jumatano, 5 Novemba
Sichomi kitu. Mimi mtu wa mazingira: siki, ndimu na chumvi, vitu vya jikoni. Nimebandua simu kadhaa za kikundi, vipande nikavitia kwenye kopo tupu la achari. Ya mwisho ilikuwa ya mama mkwe mwenyewe. Alinipa nimpelekee fundi. Nimemwonea huruma fundi.

Ijumaa, 7 Novemba
Maji yamegeuka kijani! Dalili njema. Au mbaya. Mama mkwe amekuja kutoka Kipungani kulala kwetu, akaulizia simu yake. Nikamwambia fundi anasubiri spea kutoka Mombasa. Nusra akauliza mbona natoka jasho. Nikasema joto.

Jumamosi, 8 Novemba
Kopo halipo! Nusra asema mamake ameondoka alfajiri na amejichukulia achari, ile ya kijani, ya maembe mabichi. Ya rabi! Yule hali wali bila achari. Nimpigie! Simu yake imo ndani ya kopo. Nimpigie Jeilani, jirani yake? Nikakisikia kicheko chake kabla sijabonyeza. La. Nitakwenda mwenyewe.

Mchanga, jua, roho mkononi. Katikati ya safari nikamwona mama mkwe ndani ya sanda, nikampigia Jeilani. Hapatikani. Nikakimbia, viatu nikaviacha huko huko.

Nimefika wali ushapakuliwa, Jeilani naye yumo mkekani. Mama mkwe amechovya kijiko, kimeibuka na kadi ya simu. Anaigeuza huku na huku. Nikalipokonya kopo, nikasema yote. Hakuna aliyeonja, alhamdulillah! Nililia, sifichi. Mama mkwe akaniuliza polepole, "Hini ndiyo ndia ya kuniua, mwanangu?" Jeilani hakucheka. Angecheka ningepata nafuu.

Jumapili, 9 Novemba
Bi Wamuyu amelifunga kopo kwa utepe na kuandika SUMU. Asema maji yale yana shaba na madini ya risasi, hayamwagwi baharini wala mchangani. Leo litalala kwetu, kesho litavushwa hadi Mokowe, bara, pamoja na magunia ya simu, lifike kwa wanaojua kutoa vyuma bila kuharibu ardhi. Nimemwapia Nusra kwamba siligusi. Mama mkwe naye anakuja kesho, amekubali kunisamehe. Jeilani ameshamnunulia simu mpya, bila shaka.

Lakini chini ya kopo kuna kitu kinang'aa.

Utepe haukuwa mgumu. Ili nichuje vizuri, maji nimeyahamishia kwenye chupa ya sharubati ya ndimu. Kwa muda tu. Nimeiweka kwenye friji, nyuma kabisa, asiione mtu.