Marufuku Kujifungua Kabla ya Kufunguliwa

Wananchi wote wa Kata ya Kwedikuti mnatangaziwa kwamba wodi mpya ya wazazi imekamilika, inang'aa, ina maji na umeme, na kwa sababu hiyo ni marufuku kujifungulia humo mpaka itakapofunguliwa rasmi. Wenye uchungu wote wapelekwe Korogwe kwa bodaboda.

Tangazo hilo alilitunga Bwana Simeo, mtendaji wa kata, akazunguka nalo vitongojini kwa kipaza sauti, na aliposhuka kwenye pikipiki alijiona amelitendea taifa jambo. Kwani uongo? Wodi ilikuwa na marumaru nyeupe mpaka ukutani, na utepe mwekundu mlangoni. Mgeni rasmi angekuja kuukata majukumu yakimpungua, na majukumu ya Mheshimiwa, jamani, yalikuwa yanazaana kuliko sisi. Sasa mzazi aingie kabla yake, achafue marumaru? Simeo alilelewa Kilole, kwenye nyumba yenye adabu zake. Kwao mgeni ndiye anayetangulia kula.

"Mtendaji," alisema nesi Hamisa, mkunga wa kituo, "uchungu hausomi matangazo."

"Ndiyo maana nililisoma kwa kipaza sauti," Simeo akamjibu kwa upole.

Hamisa akamtazama kama mbuzi aliyekula kanga yake.

Aliyekuwa anamtia Hamisa tumbo joto ni Nasinkoi, mke wa mfugaji mmoja wa kule nyikani. Mimba yake ya kwanza iliishia njiani kwenda Korogwe, juu ya pikipiki, kwenye makorongo, na mtoto hakulia. Sasa alikuwa na ya pili, na tumbo limeshashuka. Mama mkwe wake, Bibi Nkasiogi, akatia guu ofisini kwa mtendaji, fimbo mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mke wa mwanangu hapandi tena pikipiki. Nyumba ya kuzalia ipo, naiona kwa macho yangu. Fungua."

"Bibi, mimi sina mamlaka ya kufungua. Mamlaka yangu ni ya kufunga tu."

"Ng'ombe wangu akitaka kuzaa namtafutia kivuli. Simwambii asubiri mgeni."

"Ng'ombe hana itifaki, bibi yangu."

Bibi aliondoka bila kuaga. Simeo akahesabu kwamba amemwelimisha mwananchi mmoja, akaagiza chai.

Haya, siku ya siku ikafika. Maturubai yakasimama, pilau ikanukia, mkasi ukalazwa juu ya sinia lenye kitambaa cha kufuma. Mheshimiwa naye akafika, jua limeshakuwa kali na watoto wameshaanza kulia, akashika kipaza sauti akaeleza anavyowajali kina mama. Alianza na historia ya kuzaliwa kwake mwenyewe, na hakuwa na haraka ya kuzaliwa. Alikuwa bado tumboni pale kikundi cha ngoma cha kina mama kilipotokea nyuma ya kituo, Wazigua kwa Wamasai, kanga kwa shuka, Hamisa mbele anapuliza filimbi, Bibi Nkasiogi nyuma anafunga msafara. Katikati alikuwa Nasinkoi, mikono juu ya mabega ya wenzake wawili, kichwa kakirusha nyuma, anatoa sauti ambayo haikuwa kwenye mazoezi.

"Yule wa katikati ana kipaji," Simeo akamnong'oneza Mheshimiwa. "Anaimba kwa hisia."

"Kabisa. Utadhani anaumia kweli," alisema Mheshimiwa, akapiga makofi.

Ngoma ikasogea. Ikapita meza kuu, ikapita sinia la mkasi, ikaelekea mlangoni. Simeo akadhani watageuka. Weee! Utepe ukakatika, kina mama wakamezwa na wodi, mlango ukafungwa pwaa!

"Utepe!" alilia Simeo, mikono kichwani. "Utepe wangu!"

Mheshimiwa akaishiwa hotuba, kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe. Kisha mtoto akalia ndani, kilio kikubwa cha mtu asiye na wasiwasi, na vigelegele vikapaa mpaka kuku wakakimbia. Hata Simeo alijisahau akatabasamu. Halafu akakumbuka cheo chake.

"Nani kaifungua?" Mheshimiwa aling'aka.

"Nasinkoi kajifungua!" umati ukaitikia.

"Nimesikia! Nauliza, ana cheo gani hata aifungue?"

"Mzazi!"

"Mzazi wa mkoa au wa wilaya?"

Hakuna aliyejua. Mheshimiwa akauparamia mlango, mkasi mkononi, akamkuta Hamisa kasimama kizingitini, jasho linamtiririka.

"Humu mwanamume haingii, Mheshimiwa. Mama na mtoto wazima, wanapumzika."

"Nimedhalilishwa!" Mheshimiwa akapiga kifua. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake, tena wazi, kata nzima ikasikia. "Nina uchungu mimi! Nina uchungu mkubwa!"

Macho yote yakamgeukia mtendaji. Alimheshimu Mheshimiwa, lakini tangazo alilitunga yeye, na halikuwa na kipengele cha kumbagua mtu.

"Mheshimiwa, umetamka mwenyewe. Mwenye uchungu anapelekwa Korogwe. Kwa bodaboda."

"Una wazimu? Si wodi imeshafunguliwa?"

"Hapana, Mheshimiwa. Utepe haukukatwa, umekatika. Kiutaratibu wodi bado imefungwa."

"Na huyo aliyemo ndani?"

"Yeye hana uchungu tena. Wake umekwisha."

Mheshimiwa akamtafuta dereva wake. Dereva, mdomo umejaa pilau, akaona hili ni suala la itifaki, hakuliingilia. Kina mama walikuwa wameshatoka nje. Wakambeba juu juu kwa nyimbo, wakamwegesha taratibu nyuma ya Richard, bodaboda aliyekwisha kubeba wazazi wengi wa kata ile, tena bila ajizi. Pikipiki ikaondoka.

Kwenye korongo la kwanza Mheshimiwa alipiga ukelele.

"Pumua kwa mdomo, mzee," Richard akamwambia bila kugeuka. "Na nakuomba, usisukume kabla ya Korogwe."