Kivinjari Changu Hakiguswi

Jumatatu, 4 Machi

Nimekasirika. Naliandika hilo mapema lisije likapotea humu chini.

Nimefika ofisini wa kwanza, kabla ya yule Mama Pacha wa meza ya pili. Nimefuta vumbi. Nimewasha kompyuta. Na pale katikati ya skrini, ninapopenda pawe peupe, kumetokea nini? Kisanduku cha buluu! Kinaniarifu kwamba kivinjari changu kimezeeka, eti nikifunge, nikisasishe, halafu nikifungue upya. Kimezeeka! Nani amekiuliza umri? Kivinjari hiki ndicho ninachoingilia mtandaoni tangu niajiriwe katika kiwanda hiki cha magodoro. Kitufe cha kurudi nyuma kipo kushoto. Nyota ya kuhifadhi kurasa ipo kulia. Mkono unakwenda wenyewe, mimi nafikiria mengine.

Na kuna jambo jingine ambalo simwambii mtu. Kwenye kivinjari hicho nina kurasa nilizofungua mwaka juzi na sijazifunga mpaka leo. Na mmoja, niliofungua wiki hii, ni wa maombi yangu ya cheo cha Mkuu wa Kitengo cha Maoni na Malalamiko. Mkuu wetu amestaafu, na kitengo kina watu wawili tu, mimi na Mama Pacha, kwa hiyo hesabu si ngumu. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa saa sita mchana. Nimeshajaza kila kitu. Nanoa tu ile sehemu ya "Eleza kwa nini unastahili", maana sababu ni nyingi na hazitoshi kwenye nafasi waliyoweka. Sasa nikifunga kivinjari, maombi yangu yatakwenda wapi? Nijibu hilo, we kisanduku!

Halafu mama mkwe nimeshamwambia kuwa mimi ndiye Mkuu. Nilimwambia mapema kidogo ili azoee. Nikamweleza na habari za ofisi yenye mlango. Kwa hiyo cheo hiki nisipokipata, nyumbani hapakaliki.

Nimebonyeza "Nikumbushe baadaye". Kimenikumbusha baada ya chai.

Mama Pacha naye kakuta kisanduku kwake. Kabonyeza "Sasisha" hata mkoba hajautua begani! Punde tu akawa anapiga kazi. Akanigeukia akasema kaka, hiki kipya ni chepesi, kurasa zote zimerudi zenyewe, na maandishi yanasomeka vizuri. Kiherehere. Nani alimuuliza?

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kumwona fundi wa kompyuta. Tunamwita Washa-Zima, kwa kuwa ugonjwa uwe wowote, dawa yake ni hiyo moja. Nikamuuliza maoni ya watumiaji yalichukuliwa lini kabla ya kuleta toleo hili jipya. Akauliza maoni gani. Nikamwambia bwana wee, mimi kazi yangu ni maoni, na jambo zito kama hili haliendi kichwakichwa. Akasema niwaandikie watengenezaji wenyewe, wana ukurasa wa maoni. Alisema hivyo ili nitoke mlangoni kwake. Nimetoka, lakini nimeandika kweli!

Nimewaandikia barua ndefu yenye adabu na ukali. Nimeeleza habari za kitufe, za nyota, na za kumheshimu mtu mzima aliyeketi kwenye kiti chake hana hili wala lile. Nikatuma. Jibu likafika kabla sijaegemea kiti: "Asante. Maoni yako yamepokelewa na tunayathamini sana."

Damu ilinichemka. Maneno hayo nayajua! Maneno hayo ni yangu! Kila mteja anayelalamikia godoro lililobonyea namjibu hivyo hivyo, neno kwa neno, kisha karatasi yake naitia kwenye droo ya chini na haioni jua tena. Leo wananijibu mimi hivyo, mtu wa fani? Huku ni kukosa haya.

Nyumbani mke wangu akauliza kwa nini nisisasishe tu yaishe. Mama mkwe, ambaye alikuja kututembelea kwa siku tatu tangu mwezi uliopita, akadakia kwamba simu yake hujisasisha yenyewe akiwa amelala na akiamka haina kasoro. Mama mkwe hajibiwi. Nimekula nikitafuna kwa nguvu.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata akili! Mtu mmoja akiandika anapuuzwa. Wakiandika wengi, watatetemeka. Na wengi ninao mimi. Wananijia wenyewe kila siku, wamepanga foleni dirishani kwangu, na tayari wamekasirika!

Nimechapa karatasi yenye kichwa cha herufi kubwa: SISI WATUMIAJI TUNAPINGA. Chini yake nafasi ya maoni na saini. Kila aliyekuja kulalamikia godoro nilimpokea kwa heshima zote, kisha nikamsogezea karatasi. Mama mmoja aliyebeba mto uliopasuka aliuliza kivinjari ni foronya au ni sponji. Nikamwambia ni kitu ambacho wanataka kukibadilisha bila kumuuliza yeye. Akawaka papo hapo. Alitia saini akaichorea na mstari chini.

Mchana karatasi ilikuwa imejaa. Nikakaa kuisoma. Mmoja kaandika kivinjari kinamuumiza kiuno. Mwingine kivinjari kimefumuka pembeni na mbu wanaingilia humo. Haya, mambo ya mtumiaji ni ya mtumiaji.

Kisha akaja Mzee wa Godoro. Huyu hufika kila Jumatano na kipande cha sponji ndani ya mfuko, kama ushahidi. Nikamwamkia shikamoo, nikampa kalamu. Akaandika taratibu: "Hicho kivinjari sikijui, ila kama kimetoka kiwanda hiki, subirini miezi miwili, kitabonyea katikati." Akaniuliza na yake yamefikia wapi. Nikamwambia malalamiko yake yamepokelewa na tunayathamini sana. Alinitazama mpaka nikaangalia pembeni.

Mama Pacha akainuka na kiherehere chake. Akamshika mzee mkono, shikamoo baba, njoo huku, wakaenda moja kwa moja kwa mtunza ghala. Punde mzee akapita dirishani na godoro jipya juu ya mkokoteni, anacheka peke yake. Kujikosha huko! Wiki ya maombi ya cheo kila mtu ana huruma.

Alhamisi, 7 Machi

USHINDI!

Meneja wetu hutia saini chochote kabla ya chakula cha mchana. Nikaingia kabla ya chakula cha mchana. Bahati juu ya bahati, alikuwa anafunga begi la safari, hana muda wa kusoma. Nikamwambia wateja wamechachamaa. Akasoma kichwa cha habari tu. Akauliza kama jambo hili linahusu magodoro. Nikamwambia kwa mapana yake, ndiyo. Akashusha miwani, akaandika amri: kompyuta yangu ifungiwe toleo jipya, isisasishwe mpaka mwisho wa mwaka, na asiifungue mtu bila saini yake mwenyewe. Akaondoka. Anarudi Jumatatu.

Washa-Zima alisoma ile amri, akanitazama, akaisoma tena. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia afanye kazi yake. Akafanya. Akazima, akawasha. Kisanduku cha buluu kimekufa! Skrini nyeupe. Kitufe kushoto, nyota kulia, maombi yangu yapo vile vile. Nilikaa nikiitazama tu kwa furaha.

Mama Pacha hakuipenda furaha yangu. Akanijia kwa sauti ya chini, eti kaka, maombi umeshatuma? Nikasema bado nanoa. Akasema ukurasa ule wa maombi ni mpya, nijaribu mapema, asije mtu akakwama dakika za mwisho. Nikajitia hamnazo. Baada ya chai akauliza tena. Jioni akauliza tena! Mpinzani wako anakuhimizaje utume? Hapo pana mtego, hata mtoto angeuona. Nimeamua kutuma mwishoni kabisa, ili asipate nafasi ya kunichungulia na kuniiga.

Mama mkwe ameuliza lini atakuja kuiona ofisi yenye mlango. Nimemwambia mlango unapakwa rangi.

Ijumaa, 8 Machi

Kalamu inatoboa karatasi. Kwa hasira, si kwa kitu kingine.

Nilinoa mpaka karibu saa sita. Nikaiweka sentensi ya mwisho, tamu kupita zote: "Mimi ni mtu ninayesikiliza." Nikabonyeza "Tuma".

Ukurasa ukajibu: "Kivinjari chako ni cha zamani mno kwa ukurasa huu. Tafadhali kisasishe, kisha utume."

Nikabonyeza tena. Nikabonyeza kwa nguvu. Nikabonyeza taratibu, kwa upole, nikijifanya sina haraka. Wapi! Nikatoka mbio mpaka kwa Washa-Zima, nikamwambia sasisha, sasisha upesi! Akafungua droo, akatoa amri ya Meneja, akaigeuza niisome. Nimeifunga kwa ombi lako, akasema, na saini ya kuifungulia ipo safarini. Tukampigia Meneja. Simu imezimwa. Nikamwambia Washa-Zima aifungue kwa siri tu, tutaongea baadaye. Akaniuliza barua yake ya kufukuzwa kazi ataiandika Meneja au nitaiandika mimi. Mtu katili.

Nikarudi nikihema. Mama Pacha alikuwa ameshasikia kelele, jengo zima lilisikia. Akainuka, akaniachia kiti chake. Akasema kaa hapa kaka, tuma kwa yangu, dakika bado zipo, andika kwa kifupi tu.

Nikakaa. Nasema ukweli, nilikaa. Nikaanza kujaza upya. Jina, cheo, miaka ya kazi. Nikawa naenda vizuri. Ndipo nikaiona.

Nyota! Wameihamishia kushoto!

Nikamwambia Mama Pacha, unaona? Unaona nilichokuwa nasema? Akasema kaka, achana na nyota, andika. Nikamwambia haiwezekani kuachana na nyota, hebu angalia ilipo, ilikuwa huku, sasa ipo kule, na huku wameweka nini? Hakuna kitu! Nikamwita na Washa-Zima kutoka korido aje ashuhudie. Nilikuwa ndiyo kwanza naeleza habari za mkono uliozoea, ukurasa ukabadilika wenyewe mbele ya macho yangu: "Muda wa kupokea maombi umekwisha."

Mama Pacha alishika kichwa. Nadhani alikuwa anaficha furaha, ingawa alionekana mtu anayetaka kulia. Nilihisi vibaya sana. Nilimfikiria mama mkwe.

Mchana nikauandikia uongozi malalamiko makali dhidi ya nyota. Jibu likaja papo hapo: "Asante. Maoni yako yamepokelewa na tunayathamini sana." Malalamiko yote ya ndani yanapitia mashine ya kitengo chetu. Hilo jibu niliandika mimi. Nimekiri moyoni kwamba limeandikwa vizuri.

Jumatatu, 11 Machi

Mama Pacha ndiye Mkuu. Muombaji alikuwa mmoja, kwa hiyo Meneja alitia saini kabla ya chakula cha mchana.

Ofisi ina mlango kweli. Una kitasa kinachong'aa. Amri yake ya kwanza: droo yangu ya chini ifunguliwe, na kila mteja aliyemo ajibiwe kwa maneno yanayomhusu. Nimeshinda nikisoma habari za viuno vya watu. Baadhi wana haki, lakini lugha yao ni kali mno.

Meneja ameifungulia kompyuta yangu. Nilipokwenda chai, Washa-Zima akaisasisha bila kuniaga. Nikarudi mbio kuhesabu maafa. Hakuna kilichopotea. Kurasa zote zimerudi zilivyokuwa, za mwaka juzi zote, na maombi yangu nayo, neno kwa neno, mpaka "Mimi ni mtu ninayesikiliza". Kwa hiyo ningesasisha siku ile ya kwanza, nisingepoteza kitu. Hili limenikasirisha kuliko yote. Si wangesema? Mtu atajuaje? Mama Pacha alisema, lakini alisema kwa sauti ya kujipendekeza.

Basi nikakitumia, sina budi. Nyota kushoto. Mchana mkono ukaanza kuelewa. Kufikia saa tisa ulikuwa unakwenda wenyewe. Na maandishi, niwe mkweli, yanasomeka. Nikaanza kukipenda. Nikasema moyoni, hiki sasa ndicho kivinjari, watengenezaji wamejitahidi.

Saa kumi hivi, katikati ya skrini, kikatokea kisanduku. Cha buluu! Toleo jipya lipo tayari. Nifunge, nisasishe, nifungue.

Sasa hivi? Nikishazoea? Nyota imetulia mahali pake pa haki, kushoto, wanataka kuipeleka wapi tena? Nimesimama. Nimekwenda kwa Mkuu, nimegonga, nimemweleza kwamba sisi watumiaji hatukubali. Akaniambia kwa upole kaka, sasisha. Nimerudi nimekaa, nimeinuka, nimekwenda kugonga tena.

Nimebonyeza "Nikumbushe baadaye" na kutoa karatasi mpya. SISI WATUMIAJI TUNAPINGA. Shida ni watu wa kutia saini. Foleni dirishani imekatika, Mkuu mpya anawapeleka wote kwa mtunza ghala. Mzee wa Godoro analala vizuri, hana sababu ya kuja. Kwa mwendo wa huyu mwanamke hatabaki mteja mwenye hasira hata mmoja, na hapo tutapigania nini? Nitalalamika kwa maandishi.

Mama mkwe ameuliza kama mlango umekauka. Nimemwambia umekauka, ni wa mbao ngumu, na leo peke yake nimeugonga mara mbili.