Vimeng'enya Vyangu na Harusi ya Orysia

Jumatatu, 17 Septemba 2018

Siku ya nne wodini, hapa mjini Ternopil. Moyo mbovu, mapafu mabovu, kitambi cha kutosha watu wawili. Dokta Liliya ananipenda kwa sababu hiyo hiyo. Anafanya utafiti wa watu wenye vyote vitatu, na kila mara anatutoa damu, mimi na Fedir wa kitanda cha dirishani, apime vimeng'enya kwenye yale maji ya manjano wanayoyaita plazma. Leo nimemsikia akiwaambia wanafunzi wake kwamba vyangu vikishuka atafurahi sana. Nikaelewa mara moja: visiposhuka, siruhusiwi. Na Jumamosi Orysia anaolewa! Binti yangu wa pekee! Nani atambariki kwa mkate wa harusi, mjomba wake mlevi? Vya Fedir viko chini kuliko vyangu. Amenikumbusha mara tatu.

Jumanne, 18 Septemba

Mpango: mazoezi. Ngazi, ghorofa nne, mara saba. Ya saba nilipanda kwa magoti. Fedir, dereva wa treni mstaafu, alinitazama nikihema. "Kaka, dokta kakwambia utembee, hakukwambia ukimbizane na kifo." Wivu tu. Jioni dokta alinipima mapigo, akakunja uso, akaondoka.

Alhamisi, 20 Septemba

Miguu inauma kana kwamba nimechimba viazi vya kijiji kizima. Damu ya asubuhi: vimeng'enya vimepanda maradufu! Dokta akaeleza kwamba misuli ikichoshwa nayo humwaga vyake kwenye damu, akauliza kama nilianguka. Nikasingizia godoro. Kesho atanitoa tena. Kaagiza nisile kitu tangu jioni. Ujinga. Mwili wangu unajila wenyewe kwa njaa, ndiyo maana vinapanda. Dawa ni kuulisha. Shemeji kaniletea salo, mafuta ya nguruwe ya chumvi, kipande kinene, ndani ya gazeti.

Ijumaa, 21 Septemba

Alfajiri, chooni: salo, kitunguu saumu, mkate mweusi. Saa mbili, sindano. Saa nne dokta akarudi na kichupa. Plazma nyeupe kama maziwa! Mashine imeikataa.

"Bwana Zinoviy, mimi niliomba damu, si krimu."

Wodi nzima ikacheka. Mimi nikalia. Sioni haya kuandika, nililia. Nikamweleza habari ya harusi. Akaketi kitandani kwangu.

"Nani alikwambia vimeng'enya ndivyo vinavyokufungia hapa? Hivyo ni vya utafiti wangu. Jumanne nilishaandika uondoke. Kisha nikakukuta unahema kama mtu aliyefukuzwa na mbwa, nikaghairi."

Nilitafuta pa kuficha uso. Amenipa ruhusa ya kutoka kesho kwa muda wa saa nne: hakuna sigara, hakuna pombe, hakuna kucheza.

Jumapili, 23 Septemba

Nilimbariki! Mkate mikononi. Orysia akaubusu mkate, kisha akanibusu mimi. Sijawahi kufurahi namna ile. Nilicheza kidogo tu, tena nimekaa.

Leo pigo. Dokta kaniondoa kwenye utafiti. Eti damu yangu inamharibia hesabu. Fedir amebaki! Anajisifu tangu chai ya asubuhi. Nimembembeleza dokta mpaka akakubali: kesho asubuhi kichupa cha mwisho, wote wawili, matumbo matupu. Changu kikiwa safi, narudi kwenye orodha, kisha naenda zangu nyumbani.

Jumatatu, 24 Septemba

Kurudi kwenye orodha hakutoshi. Lazima Fedir atoke. Nilirudi na soseji ya harusini, ya moshi, inachuruzika mafuta. Kumepambazuka tu nikamkaribisha kwa ukarimu wote. Kakataa, mnafiki yule, kageukia dirishani. Sasa nifanyeje? Chakula cha harusi ya mwanao hakitupwi, ni mkosi. Nimeila yote.

Nesi kaingia na sindano, kaniuliza kama nimekula. Nimemwambia sijaonja kitu tangu jana. Midomo nilishaifuta.