Tikiti Lililolala Mahali Pangu

Sebuleni, kwenye sofa refu,
karibu na dirisha lisilofunga vizuri.

Kwa Mama Mkwe Mheshimiwa,
Chumba cha Kulala (kilichokuwa chetu).

Mama,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA TIKITI MAJI, PAMOJA NA SUALA ZIMA LA KIOTA CHA MTOTO

Shikamoo. Najua tumeshaamkiana leo mlangoni mwa bafu, wewe ukitoka na mimi nikisubiri na mswaki mkononi, lakini barua isiyo na salamu ni sawa na mgeni anayeingia bila hodi. Natumaini mgongo umepunguza kuuma na mjukuu wako amecheua vizuri. Mimi ni mzima, isipokuwa shingo.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati unaishi humu humu na ukikohoa nakusikia. Sababu ni heshima. Mkwe hawezi kusimama mbele ya mama wa mkewe akamwambia ana kwa ana kwamba amenyang'anywa kitanda na tunda. Nilijaribu juzi ulipokuwa unachuja chai. Nikafungua kinywa, nikajikuta nakuuliza kama nikuongezee sukari. Kwenye karatasi nina ujasiri zaidi. Binti yako atakufikishia, akibahatika kuwa macho.

Kwanza turudi nyuma kidogo ili tuwekane sawa, maana kila nikilisimulia jambo hili watu hunitazama kwa huruma.

Shemeji, yaani yule mwanao asiyeweza kupita bango la punguzo bila kuingia, ndiye aliyeleta kile kiota kutoka dukani: kijigodoro laini chenye kingo zilizotuna pande zote, mtoto akalale katikati. Duka lilimpa kwa masharti. Tukikipenda tukinunue, tusipokipenda tukirudishe kikiwa safi, bila mtoto kuwahi kukilalia. Wewe ulikipenda hapo hapo, ukasema mtoto akiwa ndani yake atajiona bado yumo tumboni. Mimi nikakumbusha kwamba muuguzi wa kliniki alituambia waziwazi: mtoto alale chali, kwenye godoro gumu lililonyooka, na pasiwe na kitu laini cha kumkaribia usoni. Wewe ukajibu kwamba muuguzi yule bado ni msichana. Binti yako, ambaye macho yake yalikuwa yamefumba ingawa alikuwa amesimama, akasema tuamue wenyewe, yeye anachoomba ni tuamue kwa sauti ya chini.

Ndipo nikatoa wazo. Kazi yangu unaijua: nafungasha vyombo vya kioo ghalani. Pale kwetu hatuthubutu kuweka bakuli la maana kwenye boksi jipya kabla boksi lenyewe halijajaribiwa na kitu kingine chenye uzito ule ule. Tofali hufaa sana. Lakini tofali kitandani kwa binti yako niliona ni kukosa staha, kwa hiyo nikaenda sokoni, nikamwomba muuzaji apime matikiti moja baada ya jingine mpaka akaanza kuwa na wasiwasi nami, nikarudi na lenye uzito sawasawa na ule aliopimwa mjukuu wako kliniki. Nikalichorea macho, pua na mdomo kwa kalamu nene ya ghalani, ili tujue uso uko upande gani. Tikiti likawekwa ndani ya kiota, kiota kikawekwa katikati ya kitanda, jaribio likaanza. Mtoto mwenyewe akabaki kwenye kitanda chake kidogo cha mbao, juu ya godoro lake gumu, akaendelea na maisha yake. Hajamsumbua mtu.

Wazo lilikuwa zuri, Mama, na bado nalitetea. Yaliyofuata ndiyo ninayoyalalamikia, na nayapa namba ili lisipotee hata moja.

1. Kunyang'anywa kitanda. Ulisema jaribio likivurugwa halina maana, na mtu anayekoroma na kurusha miguu atalivuruga. Nilipouliza ni nani huyo, mlinitazama wote. Ukahamia upande wangu ili uliangalie tikiti kwa karibu. Sasa mpangilio ni huu: wewe upande wangu, tikiti katikati, binti yako ukingoni, mimi sebuleni. Sofa hili lina mkono wa mbao unaoniingia chini ya sikio. Sijapata kusikia mwanamume aliyehamishwa kitandani mwake na tunda, na nimeulizia.

2. Matokeo kupuuzwa. Jaribio lilitoa jibu siku ile ile ya kwanza. Tikiti lilibingirika kidogo tu, likaegemea ukingo, na pua niliyoichora ikazama kwenye ulaini ule mpaka haionekani. Nikakuita uje uone. Mtoto wa umri ule hana nguvu za kujigeuza. Pua yake ikizama hivyo, amekwisha. Sikuwa natania, Mama. Wewe uliinama, ukaangalia kwa makini, ukasema limegeuka kwa sababu linasikia baridi. Ukalifunika.

3. Kofia. Ile ya sufu uliyomfumia mjukuu wako, ambayo ilimzidi ikawa inamwangukia machoni, tikiti imelikaa barabara. Umeshasema mara kadhaa kwamba angalau yuko mmoja humu ndani anayethamini kazi ya mikono yako. Mjukuu wako alikuwepo na alisikia.

4. Ukimya. Nikiingia kuchukua nguo zangu naambiwa nitembee kwa ncha za vidole, tikiti limelala. Droo ya mashati yangu inapiga kelele ikivutwa, kwa hiyo imepigwa marufuku. Nimekwenda kazini na shati la shemeji lililoandikwa mgongoni NUNUA MOJA UPATE YA PILI BURE. Siku hiyo mtoto mwenyewe alikuwa macho kabisa, anapigana na soksi yake, wala hakuna aliyenyamaza kwa ajili yake.

5. Jirani wa ghorofa ya juu. Alikuja kumwona mtoto, miwani ameiacha kwake, mapazia yamefungwa. Akainama juu ya kitanda, akainua kofia kidogo, akasema kichwa kile ni cha mtu wa akili na kwamba utulivu wote ule umetoka upande wenu. Nilingoja umsahihishe. Ukamwambia ahsante. Mtoto mwenyewe alipopiga chafya kule pembeni, jirani alinigeukia mimi akanipa pole. Akaacha zawadi ya viatu vya kufuma, na mpaka sasa vimewekwa miguuni mwa tikiti. Halina miguu, Mama. Nililichagua mwenyewe, nililiona pande zote.

6. Hadhi yangu kazini. Msimamizi wa ghala aliniuliza mtoto anaendeleaje. Nikamjibu kwamba hajambo, ana mistari mizuri. Tangu hapo nimewekwa kwenye kufungasha vikombe vya plastiki.

7. Hili la mwisho ndilo linalonikaba. Tangu ufike, mjukuu wako napewa nimshike nikiwa nimeketi tu, mto chini ya kiwiko, na wewe umesimama mbele yangu mikono tayari kudaka. Unasema mikono yangu ni ya ghalani. Ni kweli uliniona nikifungasha ile sukaridani ya kumpelekea Baba Mkwe, nikakata utepe kwa meno na kukandamiza kifuniko kwa goti. Lakini ilifika nzima, kamuulize. Tikiti je? Tikiti hakuna anayenizuia. Narudi kazini, nanawa, naambiwa nilichukue kidogo ninyi mpumzike. Nalipeleka dirishani. Naliegemeza begani na kulishika shingo, ingawa shingo yenyewe hakuna. Nimejifunza kulihamisha kutoka mkono huu kwenda huu bila kulitikisa, na juzi nililibembeleza mpaka nikasinzia mimi. Mimi ninayefungasha glasi nyembamba kama ganda la kitunguu na zikafika salama mwisho wa safari, mtoto wangu mwenyewe namtazama kutoka mlangoni. Inaniuma, Mama. Inaniuma kuliko shingo.

Wala usidhani nalia kwa ajili ya leo tu. Nimelifikiria jambo hili kwa upana wake, sofa linampa mtu nafasi ya kufikiri. Mtoto anakua. Wiki chache zijazo tikiti hili litakuwa jepesi kuliko yeye, na jaribio halitakuwa halali tena. Itabidi lije boga. Boga nalo litataka kiota kikubwa zaidi, na shemeji atakipata kwa punguzo. Akianza kutambaa tutatafuta kiroba cha viazi. Akianza shule ya awali chumba kitakuwa kimejaa mazao, na kwa kuwa mazao hayatakiwi kusumbuliwa, binti yako naye ataondoka pale ukingoni anaponing'inia na kunifuata sebuleni, na mtoto atatufuata jikoni, ambako kutakuwa na nafasi kwa sababu vyakula vyote vitakuwa vimelala kitandani. Wageni watapokelewa bafuni. Mimi siwezi kuona familia inaelekea huko nikakaa kimya.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba yafuatayo:

(a) Kiota kirudishwe dukani kabla hakijaingia uchafu, kwani jaribio limeshatoa jibu na jibu ni lile lile la muuguzi, hata kama bado ni msichana.

(b) Tikiti livuliwe kofia, livuliwe viatu, lipelekwe jikoni lilikostahili kwenda tangu mwanzo.

(c) Nirudishiwe upande wangu wa kitanda, ule ulio karibu na kitanda cha mtoto, ili akishtuka mkono wangu uwe wa kwanza kumfikia.

(d) Ikiwa (b) haiwezekani kwa sababu mmeshalizoea, basi tikiti lihamie sofani na mimi nihamie chumbani. Lenyewe halina sikio la kuumizwa.

Nisipojibiwa, nitalazimika kulifikisha suala hili kwa Baba Mkwe, ambaye najua atasema mama yenu asikilizwe, lakini angalau litakuwa limefika. Hatua ya mwisho itakuwa kuingia mimi mwenyewe kwenye kiota mchana kweupe. Nimeshakipima. Kichwa na bega moja vinaenea.

Nisamehe kama kuna neno limekuudhi. Najua umeacha nyumba yako na mgongo wako mbovu ukaja kutusaidia, na bila wewe binti yako angekuwa amelala wima mpaka leo. Nisalimie Baba Mkwe kwenye simu ya jioni. Nisalimie shemeji na umwambie shati lake limerudi kutoka kufuliwa. Nisalimie jirani wa juu, akiwa amevaa miwani. Nisalimie binti yako. Mwambie nipo, ni mlango wa pili tu. Msalimie na mjukuu wako kwa kumshika kisigino, anapenda hivyo, nimeona kwa mbali.

Ni mimi mkweo mtiifu,

Mfungashaji wa Vyombo vya Kioo
(kwa muda: vikombe vya plastiki),
mkazi wa sofa.

Nakala: Muuguzi wa kliniki, kwa taarifa. Mwenye duka, aandae mahali pa kukipokea kiota.

Nyongeza baada ya saini:

Mama, nilikuwa natafuta bahasha ulipotokea sebuleni, mjukuu wako mkono mmoja na tikiti mkono wa pili. Ulisema tikiti limeanza kunukia na lisipokatwa leo litaharibika. Ukatafuta pa kumweka mtoto, maana kitandani kwake alikuwa amekataa kulala. Binti yako amelala, shemeji hayupo. Ukaitazama mikono yangu. Kisha ukanipa mjukuu wako nikiwa nimesimama, bila mto, ukasema nimshike vile vile ninavyolishika hili lingine, ukaenda jikoni kutafuta kisu.

Nilimpokea. Mikono ilikwenda yenyewe mahali pake, mmoja chini, mmoja shingoni, na safari hii shingo ilikuwepo. Nimemhamisha kutoka mkono huu kwenda huu na hakutikisika. Sasa amelala, uso juu, pua wazi, na mimi naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zimelala pia.

Malalamiko namba moja hadi saba yafutwe. Maombi (a) hadi (d) yaondolewe. Sofa ni zuri, lina mwanga, sijui ni nani alilisema vibaya. Kiota kisirudishwe kwanza, na kesho narudi sokoni kutafuta tikiti jingine la kulaza humo, zito kidogo kuliko lile, maana huyu amekua na mimi bado nahitaji mazoezi. Kile kipande ulichoniwekea mezani nimekiona na nimeshukuru, ila kimekuja na jicho moja, na nimeshindwa kukila.

Barua hii nitakuletea mwenyewe akishaamka. Tafadhali, asiamshwe.