Kuku wa Kifuani

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu ametoa hukumu: mashati yangu yasipouzika kufikia Jumamosi, chumba cha mbele kinakuwa saluni ya dada yake. Cherehani ihamie uani, chini ya kamba ya nguo! Shemeji keshaleta kioo, kakiegemeza kwenye meza yangu. Nashona huku najitazama. Lakini tatizo si ushonaji. Tatizo ni nembo! Mashati ya kampuni kubwa yana mnyama kifuani, yangu yana mfuko tu. Nimeamua: mwewe. Mbawa wazi, kucha nje. Fundi Kipara wa ng'ambo ya barabara atajuta kuzaliwa.

Jumanne, 5 Machi

Nimedarizi mwewe kutwa. Uzi ukajikunja, nikavuta, mwewe akanenepa. Jicho moja linatazama juu, lingine linatazama kwapa. Kipara akapita, akauliza kama kuku huyu anauzwa pamoja na shati. Sikumjibu. Nilimjibu kidogo. Nimeyatundika mashati mlangoni, roho mkononi.

Jumatano, 6 Machi

Maajabu! Muuza magazeti kanunua la kwanza. Kacheka hadi kakohoa, kalipa bila kuomba nipunguze. Akamleta kaka yake. Akaja mwalimu wa hesabu, wakaja wauguzi. Mchana shati la muuza magazeti likachanika kwapani. Nikajificha chini ya meza. Akainama, akaniambia nisijali, mradi kuku mzima. Mradi kuku mzima! Nikamuuliza anampendea nini. Akafikiri, akasema kuku huyu anaonekana kachelewa kazini na bado anakwenda, kama yeye. Nimefurahi hadi nimeibusu cherehani.

Alhamisi, 7 Machi

Kama wanapenda makosa yangu, wakiona ustadi wangu si watazimia? Nimechora upya, nimepima, nimebadilisha sindano. Mwewe kamili! Mke wangu kasema nimwache kuku wa watu. Nimemwambia msanii hafungwi kamba. Kaguna tu.

Ijumaa, 8 Machi

Msiba. Mlango umejaa watu, hanunui mtu. Mwalimu wa hesabu, mpole yule, kanikamata kola akidai kuku wetu yuko wapi. Wetu! Nikaeleza kuwa huyu ndiye yule yule, ila amepona. Muuguzi akasema mwewe hula vifaranga, hawezi kumbeba kifuani. Muuza magazeti akamtazama mwewe kwa muda, akasema: huyu hanijui. Nilitaka kulia.

Na Kipara naye katundika mashati ya kuku! Wake kanyooka, macho sawasawa. Wateja wangu wote wakavuka barabara. Wakarudi mikono mitupu, wakanung'unika kuwa yule ni kuku wa picha tu. Raha niliyoisikia haina jina! Shemeji, lakini, kaanza kupima ukuta.

Jumamosi, 9 Machi

Tangu alfajiri nafumua mwewe. Kudarizi kuku kwa makusudi ni kazi nzito! Kila nikijaribu anatoka na akili. Mke wangu kaja na chai, akaona jasho, akanishauri niache kushona kuku, nishone mwewe bila kuchora wala kupima, kama siku ile. Nikashona mwewe kwa moyo wangu wote. Kuku! Jicho lile lile kwapani!

Mashati ya mlangoni yameisha kabla ya adhuhuri. Muuza magazeti kampapasa wake, kamwamkia. Shemeji kabeba kioo chake kwa mkono mmoja, na shati kwa mkono mwingine. Chumba ni changu! Tumecheza na mke wangu juu ya vipande vya vitambaa hadi viatu vikatoka. Kisha akaniapisha: nisimguse tena kuku, maisha yangu yote. Nikaapa.

Jumapili, 10 Machi

Kiapo ni kiapo. Kuku sijamgusa hata uzi mmoja. Ila taji hukaa juu ya kichwa, lenyewe si kuku. Na kuku anayependwa hivi atabakije raia wa kawaida? Nimeyatia taji mashati yote ya kuku niliyoyaweka akiba jana, wakati mke wangu yuko kwa dada yake. Taji limetoka kama sufuria yenye mfuniko. Mtu mwenye akili hawezi kuelewa vibaya.